Dirisha la vidakuzi si mapambo

Siku hiyo hufika katika karibu kila mradi wa wavuti. Mtu wa sheria, au wa masoko, anaandika kwenye kundi la kazi: tuwekeeni na sisi lile dirisha la vidakuzi. Ni lile linalomuuliza mgeni kama anakubali tovuti iweke vidakuzi, yaani vipande vidogo vya taarifa, kwenye kivinjari chake. Msanidi anatafuta maktaba ya msimbo iliyo tayari, anabandika mistari miwili kwenye ukurasa, anapanga rangi zifanane na nembo, na kazi inahesabiwa imekwisha. Kwa maoni yangu, hapo haijaanza hata kidogo.

Ukitaka kujua kwa nini, fungua tovuti ya namna hiyo kwenye dirisha fiche la kivinjari. Usibofye chochote. Ingia kwenye zana za wasanidi utazame orodha ya vidakuzi. Mara nyingi utakuta skripti (programu ndogo ndani ya ukurasa) ya takwimu imeshaweka chake, ya matangazo imeshaweka vyake, na chini ya skrini dirisha linauliza kwa upole kama unakubali. Ni mgeni anayepiga hodi akiwa amekwisha kukaa sebuleni.

Sheria haikuagiza dirisha, na hili husahaulika sana. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 kuhusu faragha katika mawasiliano ya kielektroniki, yaliyorekebishwa mwaka 2009, yanasema katika ibara ya 5(3) kwamba usihifadhi taarifa kwenye kifaa cha mtu, wala kusoma zilizomo, bila ridhaa yake, isipokuwa kwa mambo machache kama yale ya lazima kabisa kwa huduma aliyoiomba mwenyewe. GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ikakaza maana ya ridhaa: iwe ya hiari, iwe wazi, na kuiondoa kuwe rahisi kama kuitoa. Kitufe kikubwa cha kijani cha "Kubali" hakimo humo. Tumekibuni sisi watu wa wavuti, kwa sababu kuuliza kulikuwa rahisi kuliko kupunguza. Na wale wanaohamishia namba ya utambulisho kwenye hifadhi ya ndani ya kivinjari wakidhani wamekwepa, hawajakwepa kitu: ibara inahusu taarifa zilizo kwenye kifaa, ziitwe vidakuzi au zisiitwe.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kuvihoji vidakuzi kimoja kimoja. Nani aliomba kiwekwe? Kinasomwa wapi? Kikiondolewa, nani atalalamika? Cha kuingia kwenye akaunti na cha kapu la ununuzi havihitaji ridhaa, vibaki. Vingi vilivyosalia vimeingia kwa mgongo wa vitu vingine: video iliyopachikwa, ramani, kitufe cha kushirikisha mtandaoni ambacho hakuna anayekibofya. Ukishavitoa, huenda usibaki na cha kuulizia. GitHub, tovuti ambako wasanidi huhifadhi msimbo wao, walifanya hivyo Desemba 2020: waliondoa vidakuzi vyote visivyo vya lazima, na dirisha likaondoka navyo. Mwaka 2022 walivirudisha kwenye baadhi ya kurasa zao za masoko, jambo ambalo sikulipenda, lakini walikwisha kuonyesha kwamba inawezekana.

Kama baada ya hayo yote bado unalihitaji dirisha, basi lifanye kazi. Skripti isiyo ya lazima isipakiwe kabisa kabla ya jibu. Kuipakia kisha kuiomba itulie hakutoshi. Mahali pa video weka picha tuli inayosubiri kubofywa. Kagua pia seva yako, maana inaweza kutuma kidakuzi pamoja na jibu la kwanza kabisa, kabla mstari wowote wa JavaScript, lugha ya skripti za ukurasa, haujaendeshwa. Ugumu halisi uko kwenye kuondoa ridhaa. Msimbo wa ukurasa hauwezi kufuta kidakuzi ambacho seva imekificha kwa HttpOnly, alama inayozuia skripti za ukurasa zisikiguse. Hicho seva yenyewe ndiyo ikifute. Vidakuzi vya kikoa (anwani ya tovuti) cha watu wengine huwezi kuvigusa, unachoweza ni kuacha kuziita skripti zao. Maktaba nyingi za bure hubadilisha tu alama ya ndiyo kuwa hapana, zikaishia hapo.

Kuhusu vitufe sina maneno mengi. Visanduku vilivyotiwa tiki mapema vilikataliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2019, katika kesi ya Planet49. Januari 2022, CNIL, mamlaka ya Ufaransa ya kulinda data, ilitangaza kuitoza Google euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60, kwa sababu kukubali kulikuwa mbofyo mmoja na kukataa kulikuwa safari. "Kataa" ikae sambamba na "Kubali", kwa ukubwa uleule. Mbunifu akikuambia hilo linaharibu mwonekano, mtajie hizo euro.

Watu wa masoko watasema takwimu zitashuka. Ni kweli, zitashuka. Lakini idadi ya kurasa zilizotembelewa unaweza kuihesabu kutoka kwenye kumbukumbu za seva bila kuweka chochote kwenye kifaa cha mtu. Na aliyekataa, lihifadhi jibu lake: kidakuzi cha kukumbuka "hapana" kinaruhusiwa, na CNIL inaona miezi 6 ni muda mzuri wa kulitunza. Tovuti inayomkumbuka aliyekubali kwa mwaka mzima, ikamsahau aliyekataa kila anapobadili ukurasa, haijashindwa na teknolojia. Kuna mtu alikaa akaiandika hivyo.