Nyusi Ziliniponza

Iqaluit, makao makuu ya Nunavut kule kaskazini mwa Kanada, watu hawamalizi maneno ovyo. Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, nani afumbue kinywa bure? Ukitaka kusema "ndiyo," unainua nyusi. "Hapana," unakunja pua. Basi. Nami haya nilikuja kuyajua nikiwa nimeshashiba hadi kooni.

Jamaa ninayefanya naye kazi alinialika kwao. Chakula kilipangwa sakafuni juu ya boksi lililopasuliwa, tukakizunguka. Hapo nikajisikia niko nyumbani. Kula chini sifundishwi na mtu. Bibi yake ndiye aliyeshika ulu, kisu cha kina mama chenye makali ya nusu duara, akikata nyama mbichi ya sili, mnyama wa baharini, huku vidole vimelowa damu. Akanitazama, akaniuliza jambo kwa Kiinuktitut, lugha yao. Macho yakanitoka, nyusi zikapanda zenyewe. Bibi akatabasamu, akanikatia pande.

Sasa mtu umelelewa, utamkatalia mzee chakula? Nikameza. Nyusi zikapanda tena. Pande la pili!

Ikaja maktaaq, ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yake. Ina vitamini C, na vitu vya namna hiyo ndivyo vilivyowakinga mababu zao na kiseyeye katika nchi isiyoota hata mchungwa mmoja. Nikatafuna, ikagoma. Nikatafuna tena, ikaanza kutoa utamu. Nikashangaa. Yaani nyusi. Nikaongezewa.

Kisha akafungua mfuko uliotoka kijiji cha Igloolik kwa ndege: igunaq, nyama ya walarasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno marefu, iliyofukiwa ardhini miezi kadhaa hadi ikachacha. Harufu ile haibishi hodi. Pua ikajikunja, na bibi akaufunga mfuko papo hapo, bila kinyongo. Nikamshukuru Mungu, nikidhani nimeonewa huruma.

Kumbe harufu ilibaki. Pua bado imekunjika, machozi yananilengalenga, ndipo sinia la mikate ya kukaanga likaingia, ya moto, imevimba, mandazi matupu! Na chai juu. Bibi akanisogezea, akanitazama usoni, akalipitisha kwa watoto.

"Nyusi, kaka!" jamaa akaninong'oneza. "Inua nyusi!"

Nikaziinua zote mbili, karibu zifike utosini. Sinia lilishakuwa tupu. Bibi akaniona, akacheka kwa furaha, akaufungua tena ule mfuko.