Kumsoma mtu kwa macho: dalili za mapenzi zinaaminika wapi?

Binti wa dada yangu ni wakala wa kutuma na kutoa pesa. Kibanda chake kiko karibu na stendi, na vibanda vya namna hiyo vimepangana pale kama meno, kwa hiyo mteja akinuniwa anahamia kwa jirani. Basi yeye humchekea kila anayekuja. Miezi michache iliyopita kijana mmoja alimfuata jioni hadi anapopandia daladala, na alipoambiwa aache akang'aka: "Si wewe mwenyewe uliyenionyesha dalili?" Akazitaja. Alimtabasamia, alimtazama machoni, na vidole vyao viligusana alipopewa noti zake.

Siamini kwamba kijana yule alikuwa anadanganya. Aliviona vitu vitatu ambavyo kweli vilitokea. Kosa lake ni maana aliyovipa, na maana hiyo anaikuta kila siku kwenye simu yake, katika zile video zinazoahidi kukufundisha ishara kumi za mwanamke anayekutaka.

Wanaotetea usomaji huu wana hoja, tena ya zamani kuliko simu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Msemo huo umechapishwa kwenye kanga nyingi tu. Nani hajamwona msichana akichora chini kwa kidole cha mguu huku akijibu maswali ya mtu mmoja tu kati ya watu watano waliopo? Tuna kukonyeza, kurembua, kutupa jicho, kujifunika uso kwa upindo wa kanga. Lugha isingekuwa na maneno yote hayo kama jambo lenyewe lingekuwa la kubuni. Mtafiti Monica Moore, mwaka 1985, alichapisha matokeo ya kuwatazama wanawake zaidi ya 200 huko Marekani, akaorodhesha vitendo 52 vya mwili na uso ambavyo wanawake hutumia kumvuta mwanamume. Kwa kipimo chake, mara nyingi ni mwanamke anayeanza, kwa jicho, kabla mwanamume hajafungua kinywa.

Hoja yao iliyo nzito zaidi kwangu ni ya stara. Jicho likitupwa linaweza kurudishwa bila mtu kuaibika. Mwanamke aliyetamka "nakupenda" akakataliwa atakutana na maneno hayo sokoni na msibani, lakini aliyemtazama mtu zaidi kidogo kuliko kawaida hana la kusutwa. Ishara inawaachia wote wawili mlango wa kutokea. Anayetaka tuzifute ishara zote, kila kitu kisemwe waziwazi tangu dakika ya kwanza, hajafikiria gharama ambayo mtu mwenye haya angelipa.

Upande wa pili unaanza na takwimu ambayo karibu kila mwalimu wa lugha ya mwili huitaja: asilimia 55 ya ujumbe ni mwili, 38 ni sauti, na maneno ni 7 tu. Inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, na hayakuhusu mazungumzo ya kawaida hata kidogo. Yalihusu neno moja moja likitamkwa kwa sauti au uso unaopingana nalo, na swali lilikuwa msikilizaji anahisi anapendwa au anachukiwa. Mehrabian mwenyewe amekataa matumizi mapana ya namba hizo. Kijana akiambiwa kwamba maneno yana uzito wa asilimia 7, ataona ajabu gani kulipuuza "hapana"?

Kisha kuna usahihi wa msomaji. Mwaka 1982 mtafiti Antonia Abbey aliwakutanisha wanaume na wanawake wasiojuana wakazungumza dakika tano tu, na wengine wakiwatazama. Wanaume, wazungumzaji na watazamaji, waliuona ukarimu wa mwanamke kuwa ni utongozaji kuliko wanawake walivyouona. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alipofanya jaribio la karibu na hilo miongo mitatu baadaye, akiwa na jozi 52, aligundua kuwa mtu akitongozwa kweli, wanaume waliotambua walikuwa asilimia 36, na wanawake 18. Asipotongozwa, zaidi ya asilimia 80 walijua hivyo. Mtu anaweza kuona utafiti wa Hall unampinga Abbey, kwa kuwa wengi wetu huelekea kudhani hatutakiwi. Mimi naona yanakaa pamoja. Aliyekosa dalili hurudi nyumbani kimya, hana aliyemdhuru. Aliyeiona isiyokuwepo ndiye anayemfuata mtu hadi kituoni.

Na orodha nyingi zimeandikwa kwa macho ya kwingine. Zinasema anayekwepa kukutazama hakupendi, au anaficha jambo. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri humwinamishia mkubwa wake macho, na binti akifanya hivyo mbele ya mgeni amefundishwa adabu, basi. Vijana wawili wa kiume wakitembea wameshikana mikono Lamu ni marafiki.

Hatari yenyewe ilionekana wazi katika Bunge la Kenya mwaka 2006, Muswada wa Makosa ya Kingono wa mbunge Njoki Ndung'u ulipokuwa ukijadiliwa. Mbunge mmoja mwanamume alisimama akadai kwamba wanawake wa Kiafrika husema hapana wakimaanisha ndiyo. Wabunge wanawake walitoka ukumbini. Muswada ulipita mwaka huohuo, na sheria ikaeleza kukubali kuwa ni kuridhia kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Angalia neno uhuru. Binti aliye kaunta hana uhuru wa kununa.

Kwa hiyo siwapi pande hizi mbili uzito sawa. Mwili ukijitenga, uamini haraka: anayerudi nyuma hatua moja, anayejibu kwa neno moja, anayeuweka mkoba katikati yenu. Ukiamini hivyo kwa makosa, umepoteza bahati moja tu. Mwili ukikaribia, uamini polepole, na umwamini aliye huru kuondoka kabla ya anayelipwa ili akae. Hata hapo dalili inakupa ruhusa ya kuuliza, si jibu. Katika hadithi ya Mtume inayojulikana sana, bikira huombwa idhini, na idhini yake ni kunyamaza kwake. Watu wanapenda kuinukuu nusu ya mwisho. Nusu ya kwanza inasema ameombwa. Kimya kilichotangulia swali hakikuhesabiwa chochote.

Kijana yule angeweza kuuliza palepale kibandani, mchana, mbele ya watu: "Dada, naweza kukupigia ukitoka kazini?" Angejibiwa kwamba ana mchumba, akachukua pesa zake akaenda zake.

Nilipita kumsalimia mpwa wangu wiki iliyopita. Siku hizi noti anaziweka juu ya meza, anazisukuma kwa ncha ya kalamu, na anamtazama mteja pale tu anapomwomba kitambulisho.