Bali ya mstari wa 17 na bali ya mstari wa 22

Katika Mathayo 5:17, Biblia ya Muungano ya 1952 inamnukuu Yesu: "sikuja kutangua, bali kutimiliza". Mistari mitano mbele, akishakumbusha amri ya kutoua, anasema: "Bali mimi nawaambieni". Msomaji wa Kiswahili anaona neno moja. Kigiriki kina mawili: *alla* katika mstari wa 17, *de* katika wa 22. Tofauti hiyo inagusa swali zito: je, Yesu anaipinga Torati, au anaifunua zaidi?

*Alla* lina asili moja na neno la Kigiriki la "-ingine". Likitanguliwa na kanusho, huondoa la kwanza na kuweka la pili mahali pake, sawasawa na bali yetu: si hiki bali kile. *De* ni jepesi. Halianzi sentensi, hukaa nafasi ya pili, na mara nyingi huonyesha tu kwamba habari imepiga hatua. Ukoo wa Yesu katika sura ya 1 umejaa *de*, wala hakuna mzazi anayepingana na mwenziwe. Kiswahili kimelibeba kwa -ka-: "Isaka akamzaa Yakobo". Tazama pia sura hii hii ya 5. *De* ya mstari wa 31 imetafsiriwa "pia", na ya mstari wa 32, "lakini". Neno ni lile lile.

Ndiyo maana wapo wanaotaka tusome "nami nawaambia". Kwao, Yesu anaanzia pale amri ilipoishia, anaifuata hasira moyoni kabla haijafika kwenye damu. Hoja ina uzito, maana *alla* lilikuwapo, na Mathayo alikuwa ametoka kulitumia.

Hata hivyo, haitoshi. Kitenzi *lego* tayari kina nafsi ndani yake, kama "nasema" yetu. Kuongeza *ego* ni kukaza: mimi. Upande mmoja wako watu wa kale na waliyoambiwa, upande wa pili amesimama yeye. Tena Kumbukumbu la Torati 6:13 inaagiza kuapa kwa jina la Mungu, naye anakataza kuapa kabisa. Hapo "nami" inapwaya.

Kwangu mimi, ukinzani upo, ila umebebwa na *ego* pamoja na maneno yanayofuata. Anayehubiri kwamba Kigiriki cha mstari wa 22 chenyewe kinaifuta Torati anakidai kiunganishi hiki deni ambalo hakikukopa. Na bali ya hapo inampa nafasi ya kusema hivyo, kwa sababu masikioni mwetu bali hufuta, ilhali "Usiue" haikufutwa. Watafsiri wale wale waliandika "lakini mimi nawaambia" katika mstari wa 28, palipo na maneno yale yale ya Kigiriki. Ningeichukua hiyo "lakini" niipeleke mstari wa 22, na bali niiache mstari wa 17, mahali pake.