Nivôse inakamata, lakini nani anahukumu?

Nivôse ni frigeti (manowari ya ukubwa wa kati) ya jeshi la majini la Ufaransa, imeingia kazini 1992, kituo chake kipo Port-des-Galets kisiwani Réunion, na tangu hapo bahari yake ni hii hii ya Hindi tunayoitazama sisi. Wapenzi wa mambo ya manowari wanaidharau sana. Wanasema ile si frigeti, ni meli ya doria iliyopewa cheo.

Hawajakosea moja kwa moja. Ilijengwa Saint-Nazaire kwa viwango vya meli za biashara ili gharama ishuke, spidi yake ni noti 20 tu, yaani maili 20 za baharini kwa saa, ina mzinga mmoja wa milimita 100 na helikopta ya Panther, na makombora ya Exocet ya kupigia meli yalishatolewa miaka kadhaa iliyopita. Sasa ilinganishe na Languedoc, frigeti kubwa ya kisasa ya Wafaransa hao hao: tarehe 9 Desemba 2023 ikiwa Bahari ya Shamu ilitungua droni mbili zilizokuwa zinaijia kutoka upande wa Yemen, ikatumia makombora ya Aster. Kumpeleka Nivôse pale ni kuhatarisha mabaharia wake, hilo halina ubishi.

Lakini vita ya makombora ni sehemu ndogo tu ya kazi za baharini huku kwetu. Nivôse inaweza kukaa baharini siku 50 na kwenda maili 10,000 za baharini ikitembea noti 15, na hiyo ndo silaha yake kubwa kuliko huo mzinga. Eneo la Wafaransa linashuka hadi visiwa vya Kerguelen, zaidi ya kilomita 3,000 kusini mwa Réunion, kwenye baridi na mawimbi ya kutisha, na huko ndiko Desemba 2000 ilikamata meli ya uvuvi Grand Prince iliyokuwa inatuhumiwa kuvua samaki wa bei ghali bila kibali, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Belize wakidai ni meli yao, na mahakama 2001 ikasema haina mamlaka kwa sababu ushahidi kwamba meli ile ilikuwa na bendera ya Belize haukutosha. Kazi kama hiyo hailipwi kwa makombora, inalipwa kwa mafuta na uvumilivu.

Halafu uharamia. Aprili 2009 helikopta ya Nivôse ilivuruga shambulio dhidi ya meli ya mizigo ya Safmarine Asia, usiku kucha wakaifuatilia boti mama ya maharamia, alfajiri ya tarehe 15 wakawakamata watu 11, kama kilomita 900 mashariki ya Mombasa. Wiki chache baadaye, Mei, maharamia wengine 11 waliifukuza Nivôse yenyewe wakidhani ni meli ya biashara, jua limewapiga machoni, kuja kushtuka helikopta iko juu yao. Na mwanzoni mwa Machi 2010 ilikamata 35 ndani ya siku tatu. Kwa meli inayodharauliwa hivyo, mi nasema imefanya kazi ya heshima, na wafanyabiashara wa Mombasa na Dar waliokuwa wanalipa bima ya juu enzi zile wanajua afueni yake. Uharamia ulipungua kwa sababu nyingi, walinzi wenye silaha melini, seng'enge pembeni, manowari za mataifa kibao, kwa hiyo nisiipe Nivôse sifa zote, ila ilikuwepo na ilishika watu.

Sasa linakuja linaloniuma. Wale wa 2009 waliletwa Mombasa, kwa sababu Machi mwaka ule Kenya ilikubaliana na Umoja wa Ulaya kupokea washukiwa. Manowari inashusha watu bandarini, inaondoka, na mahakimu, mawakili, wakalimani wa Kisomali, vitanda vya gereza la Shimo la Tewa, yote hayo yanabaki kwa mwenyeji, ndo maana hata mahakama maalumu ikafunguliwa pale pale Shimo la Tewa 2010 kwa msaada wa wafadhili. Mwaka huo huo Kenya ikachoka ikatoa notisi ya kujitoa kwenye makubaliano, na Novemba Mahakama Kuu Mombasa kwenye kesi nyingine ya uharamia ikasema haina mamlaka na mambo yaliyotokea bahari kuu. Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu hiyo Oktoba 2012. Karibu miaka miwili hakuna aliyekuwa na uhakika!

Watetezi wa Ufaransa wanasema nchi inayotumia bahari lazima ichangie, na Kenya ilipata msaada wa pesa na mafunzo. Sawa, nakubali, uharamia ulikuwa unaiumiza Kenya pia. Ila tazama unga, yaani heroini, unaoshuka na majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, kuja Afrika Mashariki. Manowari za doria ya kimataifa zinapokamata zigo, mara nyingi unga unateketezwa baharini na mabaharia wa jahazi wanaachiwa waende zao, maana jahazi halina bendera na hakuna nchi inayotaka kuwashtaki. Mzigo umepotea, ndiyo, hilo ni pigo, lakini mwenye mzigo yuko nchi kavu na hajaulizwa hata swali moja.

Wafaransa wanapanga kuleta korveti (manowari ndogo) mpya za Ulaya kuchukua nafasi ya kina Nivôse miaka ya 2030, zenye silaha bora zaidi. Mi siogopi silaha, Bahari ya Shamu imeonyesha zinahitajika. Naogopa zitakuwa ghali mno zikakosa muda wa kuzurura siku 50 kule kusini. Na kabla mtu hajaziomba Mombasa au Victoria ya Shelisheli zipokee tena washukiwa, makubaliano yaandikwe mapema, nani analipia kesi mpaka rufaa ya mwisho, na aliyemaliza kifungo anarudishwa kwao kwa gharama za nani.