Klabu Wamemaliza, Sasa Wanagawana Birika Langu

Mwenzenu jana nimeuza kahawa vikombe arobaini na tatu. Nimehesabu mwenyewe. Kila kikombe shilingi mia, hesabu ya darasa la pili hiyo: elfu nne na mia tatu. Nimefika nyumbani, nimefungua kibindo mbele ya mama watoto, zimetoka elfu moja na mia nane, na humo ndani kuna sarafu moja ya mia mbili imekwanguka, kila ninayempa ananirudishia. Zilizobaki zipo kwenye kaunta buku. Na walioandikwa kwenye kaunta buku ndio haohao waliokaa kwenye benchi langu tangu alasiri mpaka isha wakigawana bilioni 20 za mwekezaji wa Simba.

Bilioni! Mtu ana deni la kashata tangu kabla ya Ramadhani, lakini ukimsikia anavyoitamka bilioni, utadhani ameiacha nyumbani chini ya godoro.

Kijiwe changu kipo Magomeni, chini ya mwarobaini, nyuma ya gereji. Ukiteremka bonde unaikuta klabu yangu, Yanga, mtaa wa Twiga na Jangwani, ipo hapo na maji yake. Maana mvua ikikaza, Uwanja wa Kaunda unageuka bwawa, ndiyo watani wetu Simba wakapata pa kutuitia vyura. Dereva wa bajaji, huyo Mnyama damu, yaani Simba, ana maneno yake ya kila masika: "Mwekezaji wenu kabla ya straika anunue mtumbwi." Watu wanacheka. Mimi sicheki, maana bonde likijaa barabara inafungwa, na buni ninanunua Kariakoo.

Sasa jana aliyeanza ni Mjumbe. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akishika kikombe lazima afungue kikao. Akasema, "Jamani, hivi klabu ni ya nani?" Basi. Hapo nikajua leo mkaa wangu umekwisha.

Dereva wa bajaji akadakia na Simba yake. Akatupanga: wao walikubaliana kwenye mkutano Julai 2016 kwamba klabu iende kwenye mfumo wa hisa, tajiri Mo Dewji akaweka mezani bilioni 20 akitaka asilimia 51. Serikali ikasema hapana, wanachama wabaki na 51, mwekezaji asizidi 49. Desemba 2017 Mo akatangazwa mshindi wa zabuni. Ubishi kama hela imewekwa au haijawekwa ukaendelea misimu na misimu, hadi 2021 ikaonyeshwa hundi kubwa kama mlango wa stoo. Anasimulia huku anapiga meza kwa kikombe changu. Nikamwambia, "Shemeji, hicho kikombe ni cha udongo, na wewe unadaiwa elfu moja mia saba, kikipasuka itakuwa elfu mbili." Akasema nisilete mambo madogo.

Mimi na haya mambo tumetoka mbali, msinione nimebeba birika. Mwanachama mimi, kadi ninayo, ada nimelipa. Watani walipofanya mkutano wao, nasi siku chache tu baadaye, Agosti 2016, tukafanya wetu. Mwenyekiti wetu Yusuf Manji akaja na hoja: akodishwe klabu na nembo kwa miaka kumi, faida ikipatikana yeye asilimia 75, klabu 25. Ukumbi ukalipuka. Nilinyoosha mikono miwili, wa pili wa jirani yangu aliyekuwa ameenda kujisaidia.

Fundi cherehani jana ndiyo akanishika hapo. "Wewe umepanga chumba miaka kumi na saba. Umewahi kuona wapi mpangaji anachukua robo tatu ya nyumba, mwenye nyumba anabaki na uchochoro?" Nikakosa jibu. Na kweli, mimi mwenye nyumba wangu hanipi hata miezi mitatu mbele, sembuse miaka kumi, tena anakuja kuhesabu balbu. Lakini nikamjibu hivihivi, kwa ubishi tu: "Robo ya faida ni kubwa kuliko robo tatu ya njaa." Wakapiga makofi. Kumbe kuna siku naongea vizuri.

Wazee walipinga. Mzee Ibrahim Akilimali, Mungu amrehemu, alisimama kidete kwamba Yanga haikodishwi. Yanga ya mwaka 1935, imezaliwa kabla ya karibu sisi wote, uikodishe kama turubai na viti vya plastiki? Tulimwona anatuchelewesha. Na mpango wenyewe haukufika popote. Mei 2017 Manji akajiuzulu, na sisi tuliokuwa tumenyoosha mikono tukabaki nayo hewani hatujui tuishushie wapi.

Njaa ya baada ya hapo msiniulize. Mimi nafanya biashara ya birika, najua birika likiondolewa mkaa linavyopoa, kwanza halisemi kitu, unamimina unadhani lina moto. Ligi ya 2017/18 ikaenda Msimbazi kwa Simba, kombe ambalo hawakuwa wameligusa tangu 2012. Kocha Lwandamina akarudi kwao Zambia kabla msimu haujaisha. Wachezaji wanadai mishahara, mara tunasikia wamegoma mazoezi. Akaja Mwinyi Zahera, kocha Mkongo, ikawa yeye anafundisha mpira na yeye anahamasisha michango. Bakuli likatembezwa. Ikatolewa namba, mashabiki tukaambiwa tutume kwa simu, chochote ulichonacho.

Nikatuma elfu mbili.

Ile elfu mbili, jamani. Ilikuwa ya unga. Nilitumia ujanja, nikaituma usiku, nikaufuta ujumbe. Lakini sikujua mtandao unaleta ujumbe wa pili wa salio. Asubuhi mama watoto kashika simu, anataka kumpigia dada yake, anakuta salio limebaki shilingi tisini. Akaniuliza kwa upole, na upole wa yule mwanamke ndio wa kuogopa, "Baba fulani, Yanga ana watoto wangapi shuleni?"

Nikamweleza. Nikasema wachezaji wana familia, hawajalipwa, wamegoma. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe asiyelipwa anagoma?" Akavuta kiti uani, akakaa. Siku mbili jiko halikuwashwa. Kama timu vile, kambini hakuna mtu. Nikaja kijiweni kuomba ushauri, Mjumbe akanishauri nifanye uchaguzi mdogo.

Mwaka 2019, mwezi wa sita, ikafanyika ile hafla ya Kubwa Kuliko, mgeni rasmi rais mstaafu Kikwete, wenye hela zao wakachangia kwa mamilioni. Mimi nilisikiliza redioni. Sikuchangia, nilikuwa chini ya uangalizi. Wakaja wafadhili GSM, usajili ukaanza kueleweka, na kuanzia 2021/22 kombe tukalichukua, tukalirudia, tukalirudia. 2023 tukacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria, tukaikosa kwa bao la ugenini, nikalia mpaka kahawa ikachachuka. Sasa tumeshiba, na tumboni pakishajaa ndiyo watu wanakumbuka kuuliza chakula kimetoka wapi.

Turudi benchini. Mjumbe akasema, "Asilimia 51 ni yetu wanachama. Sisi ndio wenye timu." Mimi nikauliza swali moja tu, la kawaida, nikiwa nakoroga tangawizi: yangu mimi kwenye hiyo 51 ni ipi? Nionyesheni kwa kidole. Fundi cherehani akatoa chaki yake ya kukatia nguo akaanza kugawanya juu ya benchi. Akagawanya wee, sifuri zikafika kwenye mguu wa benchi. Mwisho akasema kwa makadirio ya haraka mimi ninamiliki kamba ya kiatu cha kipa wa akiba. Upande mmoja.

Basi mwenye timu ndiye mimi. Siku ya dabi mwenye timu nimesimama juani nasukumana kutafuta tiketi, mwenye 49 kakaa kivulini kwenye kiti chenye mto. Yeye akikunja uso kipindi cha kwanza, watu wanaulizana kocha vipi. Mimi nikipiga kelele kocha aondoke, jirani ananiambia nipunguze sauti kuna mtoto amelala.

"Hiyo ni kawaida hata Ulaya," akasema kijana wa chuo. Huyu kijana hanywi kahawa, anakuja kuchaji simu pale gereji, lakini maneno ndiyo anaongoza. Akatuambia Ujerumani wao sheria yao wanachama lazima wawe na nusu ya kura na moja juu yake. Tukasema si unaona, Wajerumani wametuiga. Halafu akaingia kwenye timu yake ya Uingereza, Manchester United. Kwamba akina Glazer, matajiri wa Marekani, waliichukua 2005, na sehemu kubwa ya hela ya kuinunulia ilikuwa ya mkopo, na deni likawekwa juu ya klabu yenyewe.

Nikaweka birika chini. "Rudia hapo."

Akarudia. Mtu anakopa, ananunua timu, halafu timu ndiyo inayolipa deni la kununuliwa kwake. Nikamtazama dereva wa bajaji. Nikamtazama Mjumbe. Miaka yote najua hii biashara ya kunywa kahawa kwa deni ni ushamba wa Magomeni, kumbe kuna watu wanaifanya wamevaa suti, tena wanaandikwa magazetini.

Kosa langu ni kwamba nilicheka. Nikasema, "Sasa nyie mna tofauti gani na hao? Kaunta buku hili hapa, mnanidai au nawadai?" Nikasoma madeni kwa sauti. Mjumbe elfu mbili na mia nne. Fundi cherehani elfu moja na mia moja, pamoja na suruali yangu anayoishona toka Idi. Bajaji elfu moja mia saba. Mzee wa drafti, ambaye yeye haongei, mia tisa. Nikajumlisha, elfu sita na mia moja. Nikasema, na hii klabu ya birika ina hali mbaya kifedha, leo nikidaiwa mkaa nafunga.

Kimya. Nilidhani wameona aibu.

Mjumbe akakohoa. "Kumbe biashara inayumba."

"Inayumba," nikasema.

"Inahitaji mwekezaji."

Kijana wa chuo, Mungu anamwona, akaeleza kwamba kwenye makampuni kuna utaratibu, mdai akishindwa kulipwa, deni lake linageuzwa hisa. Nikamwambia sikiliza mwanangu, hapa mdai ni mimi. Akasema kanuni ni ileile, inategemea inavyoandikwa. Hakuna aliyetaka kusikia zaidi. Fundi cherehani alishachukua chaki. Wao kwa pamoja wamekwishaweka kwenye hii biashara elfu sita na mia moja, hivyo ndivyo alivyosema, wameweka, na kwa kuwa wao ndio wanachama, wao 51. Mimi mwekezaji, nimekuja na birika, ndoo na vikombe, nachukua 49. Kwa mujibu wa kanuni za nchi sitakiwi kuzidi hapo.

Nikasema birika ni la marehemu baba yangu. Dereva wa bajaji akasema ndivyo wazee wanavyokwamishaga mabadiliko.

Ikapigwa kura. Mikono ikanyooshwa. Nikahesabu mikono saba na watu wapo sita, na mmoja kati ya hao sita ni mimi, sijanyoosha. Mzee wa drafti, ambaye miaka yote sijawahi kumsikia akisema neno, akafungua mdomo akasema, "Yapite." Yakapita. Mjumbe akawa mwenyekiti, dereva wa bajaji akapewa usemaji kwa sababu ya mdomo wake, nami nikaambiwa naendelea kuwa mtendaji, nipo kwenye majaribio.

Usiku naondoka, nimebeba birika langu kichwa chini, msemaji akaniita kwa mbali: "Mtendaji! Mali ya klabu unaipeleka wapi?"

Mama watoto nimemweleza yote. Hakugombana. Alisikiliza, akachukua ile sarafu ya mia mbili iliyokwanguka, akaiangalia kwenye mwanga wa kibatari, akaniuliza kama kwenye hiyo klabu mpya mishahara inalipwa tarehe ngapi. Halafu akavuta kiti, akakaa.

Leo alfajiri sijawasha hata mkaa, mtoto wa Mjumbe amegonga mlango ana thamosi tupu mkononi. Anasema baba amemtuma gawio lake, moto moto, na kashata mbili.