Waridi la plastiki: 67.02 au 39.26?

Ankara ikiandikwa "maua bandia" tu, mawakala wengi wa forodha huweka 67.02 na kusonga mbele. Mara nyingi wako sahihi, kwa kuwa kichwa hicho (kundi la bidhaa lenye namba yake) cha Mfumo wa HS, uainishaji wa kimataifa wa bidhaa unaotumiwa na forodha, kinabeba maua, majani na matunda bandia, sehemu zake na vitu vilivyotengenezwa kwayo. Mgogoro uko kwenye Tanbihi ya 3 ya Sura ya 67. Inaondoa vitu vya kioo (Sura ya 70). Inaondoa pia maua ya ufinyanzi, mawe, metali, mbao "au vifaa vingine" yaliyopatikana kipande kizima kwa kalibu, kuchonga au kufua, na yale ambayo vipande vyake havikuunganishwa kwa kufunga, gundi, kuchomeka au njia zinazofanana na hizo.

Sasa waridi la plastiki lililotoka kwenye kalibu likiwa kipande kimoja, bua hadi petali, liende wapi? Wanaolibakiza 67.02 husema plastiki imepewa kijichwa chake, 6702.10, na kwamba afisa bandarini hawezi kupasua kila bua. Hoja hiyo ya pili ina uzito kiutendaji, lakini haibadilishi maandishi ya sheria. Maneno "vifaa vingine" hayabagui plastiki, na 6702.10 inabaki na kazi yake kwa maua ya plastiki yaliyounganishwa. Kwa hiyo waridi hilo ni 3926.40, mapambo ya plastiki. Ila mwagizaji asivute tanbihi kupita kiasi: ua lililochomekwa juu ya bua lina vipande viwili, na linarudi 67.02.

Marekani ndiko fedha inapoonekana wazi. Ushuru wa msingi, bila nyongeza za nchi itokako bidhaa, ni asilimia 8.4 kwa maua ya plastiki yaliyofungwa kwa waya, karatasi au kitambaa, au kwa gundi. Mengine ya plastiki, yakiwemo ya kuchomeka, ni 3.4. Kijichwa 3926.40 ni 5.3. Anayekimbilia "kipande kimoja" ili alipe kidogo anaweza kujikuta analipa zaidi.

Petali za poliesta juu ya bua la plastiki huleta swali jingine. Kwa kawaida petali ndizo zinazolipatia ua sura yake, hivyo nyuzi za viwandani hushinda: 6702.90, asilimia 9 Marekani. Zikiwa za pamba, ni 17. Ankara isiyotaja kitambaa humwachia afisa kukisia, na kwa pengo hilo kukisia ni ghali.

Afrika Mashariki inatumia vichwa na tanbihi hizohizo, kwa hiyo kazi ya kuthibitisha ni ileile. Kabla kontena halijapakiwa, chukua sampuli ya kila aina, vuta ua kutoka kwenye bua, kisha pasua kiungo uone kama kuna waya, gundi au tundu la kuchomeka. Andika matokeo kwenye ankara, mstari kwa mstari: kifaa cha petali, kifaa cha bua, namna ya kuunganisha. Penye shaka, omba uamuzi wa awali wa forodha ukiambatisha sampuli. Maua halisi yaliyokaushwa, hata yakipakwa rangi, yatenge kwenye 06.03, na miti bandia ya Krismasi kwenye 95.05.