Mkunga wa Utsira na mama yangu

Watu wa nyumbani wakisikia naishi Norway, jina wanalonitajia ni la Gro Harlem Brundtland, daktari aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1981. Anastahili kutajwa. Lakini mimi, baada ya miaka tisa ya kuishi karibu na mji wa Haugesund, nikitaka kuwaeleza ndugu zangu jinsi wanawake wa huku walivyoingia kwenye uongozi, sianzi na Gro. Naanza na mkunga wa kisiwani, Aasa Helgesen.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Utsira. Unapanda feri Haugesund, unakaa baharini saa moja na ushei, na Bahari ya Kaskazini haina huruma na tumbo la mtu. Ukishuka unakuta mawe, upepo, kuta fupi za mawe zinazogawa mashamba, mnara wa taa juu ya kilima, na bandari mbili ndogo, moja kaskazini na moja kusini. Wakazi ni watu 200 hivi. Ndiyo halmashauri yenye watu wachache kuliko zote nchini Norway, na ilijitegemea mwaka 1924. Kabla ya hapo ilikuwa chini ya halmashauri nyingine ya upande wa bara.

Mwaka uliofuata, 1925, wakafanya uchaguzi. Baraza lilikuwa na viti 12. Zilipohesabiwa kura, wanawake walikuwa 11 na mwanamume mmoja. Mwaka 1926 baraza hilo likamchagua Aasa Helgesen, mkunga, awe mwenyekiti, yaani meya kama tungesema mjini. Alikipokea kiti hicho kutoka kwa mumewe mwenyewe, akakikalia hadi 1928. Hakuna mwanamke wa Norway aliyeshika wadhifa huo kabla yake.

Nisimulie hili popote, watu hushangaa. Wanauliza imewezekanaje kisiwa cha wavuvi, zama zile, kikawapa wanawake baraza karibu zima. Mimi sishangai sana, kwa sababu ni mtoto wa mkunga.

Mama yangu amezalisha kwenye zahanati ya kijiji chetu, pwani ya kusini ya Tanzania, kwa miaka 31. Mkoba wake naujua kwa kunusa: dettol, sabuni ya kipande, na ule mpira wa glavu. Ndani mlikuwa na mkasi, uzi, tochi, na kile kibomba cha mbao anachokiweka juu ya tumbo la mjamzito, kisha anainamisha sikio kusikiliza moyo wa mtoto. Nikiwa mdogo aliniruhusu niegeshe sikio mara moja kwa jirani yetu. Nilisikia kama saa iliyofunikwa na mto, inakimbia. Mbao ile ilikuwa imelainika upande mmoja, pale sikio la mama lilipokaa miaka yote.

Mkunga wa kijijini anaijua kila nyumba kwa ndani. Anajua nani analalia jamvi, nani hana akiba ya unga, mume yupi anapiga, kisima kipi kina chumvi. Anajua ni wapi njia inakatika mvua za masika zikija, kwa kuwa yeye ndiye aliyeivuka saa tisa za usiku maji yakiwa kiunoni. Hayo yote ndiyo kazi ya halmashauri. Kwa hiyo nikisoma kwamba watu wa Utsira walimpa mkunga wao kiti, naona walimkabidhi kwa kura kazi ambayo tayari alikuwa akiifanya kwa miguu.

Mama naye aliwahi kutaka udiwani. Wanawake wenzake walimfuata nyumbani, wakakaa barazani, wakamwambia, "Mama, gombea kata, sisi tutakuchagua." Akaenda kuulizia kwenye chama. Akapokelewa vizuri, akapewa soda, kisha akaambiwa kiti cha kata kina wenyewe, yeye asubiri viti maalum. Akarudi, akavua viatu mlangoni, akasema, "Wamenitaka nisubiri." Hadi anastaafu alikuwa bado anasubiri. Diwani wa kata wa wakati ule sikumbuki kama aliwahi kukanyaga zahanati yetu.

Nisieleweke vibaya. Viti maalum vimefanya kazi. Sheria yetu inataka wanawake wa viti maalum wafikie angalau theluthi moja kwenye baraza la madiwani, na bila hilo yapo mabaraza ambayo hadi leo yangekuwa na wanaume watupu. Lakini diwani wa viti maalum hana kata. Hana mtaa anaoweza kusema, hawa ndio walionituma. Waliomtuma ni wajumbe wa chama walioliweka jina lake juu kwenye orodha, na mwaka wa uchaguzi ukifika ni wao atakaowarudia, siyo mama Fulani wa kisimani. Na mwanamke akitaka kugombea kata kwa jina lake tu, sheria haimruhusu kusimama bila chama. Mlango ni mmoja, na ufunguo anao mwingine.

Huku nimepiga kura mara mbili, na sina uraia wa Norway. Wengi hamlijui hili: tangu 1983, mgeni aliyeishi hapa miaka mitatu mfululizo anachagua halmashauri, na anaweza hata kugombea. Pasi yangu ya Tanzania bado ninayo. Uchungu wangu ni kwamba nchi ambayo si yangu inaniuliza barabara ijengwe wapi, na nchi yangu, kwa kuwa nipo mbali, haina namna ya kunipokea kura.

Mwaka 2023 niliingia kile kibanda cha kura, nikakuta karatasi za vyama vyote zimepangwa. Unachukua ya chama unachokitaka. Ndani mna majina ya wagombea na miaka yao ya kuzaliwa, na kando ya kila jina kuna kisanduku. Ukimpenda mtu, unamwekea alama, na kura hiyo inampandisha. Tena unaweza kuandika jina la mtu wa chama kingine kabisa! Nilisimama pale muda mrefu. Niliweka alama kwa mwalimu wa mwanangu, na kutoka chama nisichokichagua nikaandika jina la mfanyakazi mwenzangu. Nikaikunja karatasi, ikagongwa muhuri, nikaitumbukiza.

Huyo mwenzangu tunafanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Ni diwani, lakini madiwani wengi wa huku hawaishi kwa siasa. Kila mmoja ana kazi yake. Siku ya kikao anavua aproni, anaikunja, ananikabidhi zamu ya bibi wa chumba cha mwisho ambaye hali mpaka aimbiwe, kisha anawahi basi. Mwajiri hana ruhusa ya kumzuia, sheria inamtaka amwachie aende, na mshahara anaoukosa halmashauri inamfidia. Mumewe siku hiyo ndiye anayewachukua watoto. Mambo madogo kabisa, na bila hayo asingekuwa diwani. Nawaza mama yangu angepewa nini kati ya hayo.

Wala msidhani Wanorway walizaliwa nayo. Wanawake walianza kupiga kura za halmashauri mwaka 1901, na hapo ni wale wenye kipato cha kulipa kodi, wao au waume zao. Wanawake wote walipata mwaka 1910, na kura ya bunge mwaka 1913. Halafu miaka ikapita, mabaraza yakabaki ya wanaume karibu yote. Aasa Helgesen alikuwa nyota moja usiku wa giza.

Kilichotikisa ni uchaguzi wa 1971. Siku zile mpiga kura aliruhusiwa kulikata jina kwenye karatasi ya chama na kuongeza jingine. Wanawake wakaambizana nyumba kwa nyumba, kwenye vyama vyao vya akina mama: kata la mwanamume, andika la mwanamke. Asubuhi yake Oslo, Trondheim na Asker zikaamka na mabaraza yenye wanawake wengi kuliko wanaume. Magazeti yakaita mapinduzi, kana kwamba kuna mtu aliyeshika bunduki. Walichoshika ni kalamu tu.

Hata leo hawajamaliza. Kwenye mabaraza wanawake ni kama asilimia 40, na kwenye kiti cha meya ni takriban theluthi moja. Viti maalum hawana, ingawa sheria inadai kamati za halmashauri ziwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia. Na mwenzangu yule hutukanwa mtandaoni kwa maneno ambayo madiwani wanaume hawayapati. Nimemkuta akilia chumba cha kubadilishia nguo.

Ninachokiomba kwetu si kunakili Norway. Naomba vitu viwili. Mwanamke akae viti maalum kipindi kimoja au viwili, kisha chama kimpe kata agombee, apishe mwingine ajifunze, maana sasa wapo waliozeeka humo huku wenzao wakiambiwa wasubiri. Na kwenye udiwani, ngazi hii ya visima na zahanati, mtu aruhusiwe kusimama bila chama. Watu wa kijiji wanamjua anayewafaa. Wamemjua tangu usiku ule alipokuja na tochi.

Juzi nilimpigia mama simu, nikamsimulia habari za Aasa. Akasikiliza kimya, kisha akauliza, "Usiku wa mawimbi alikuwa anavukaje?" Nikamwambia hakuwa na haja ya kuvuka, watu wake wote walikuwa kisiwani.

"Wangapi?"

"Siku hizi mia mbili na kidogo, mama."

Nikasikia anafungua kabati. Lile daftari lake la kuzalisha bado analo, lenye jalada la bluu. Akafunua kurasa, akahesabu taratibu kwa sauti, akasimama alipofika mia mbili. "Hapa," akasema, "ni mwaka wangu wa tatu kazini."